Wageni Waliomtangulia Wadhah

Jumatano moja, baada ya sala ya alasiri, Ami Marzouq alisimamisha gari kwenye kituo cha petroli cha kuingilia Ibra. Akateremka, akanunua chupa mbili za maji na pakiti ya chipsi, akarudi garini akamkuta Wadhah bado anazungumza. Alikuwa anazungumza tangu Sur. Alianza bandarini kabla hajafunga mkanda, wakapita Al Kamil anazungumza, wakapita Bidiya anazungumza, na mchanga wote ule wa Bidiya haukumnyamazisha.

"Ami, samaki wanaruka! Wallahi wanaruka, mmoja kaingia kwenye sahani yangu ya wali."

"Huyo wa sahani ushanambia Al Kamil."

"Basi nyangumi je?"

"Nyangumi ushanambia Bidiya, tena mara mbili, na mara ya pili alikuwa mkubwa zaidi. Bakisha, mwanangu. Watu wamekaa majlis wanakungojea, utafika huna kitu mdomoni."

Wadhah alikuwa na miaka ishirini na sita, na kazi yake ilikuwa askari wa majini. Si baharia wa kupika wala wa kushika injini, la. Ni wale wanaoteremka kwa kamba kutoka kwenye helikopta, bunduki mgongoni, mguu mmoja hewani na mwingine kwa Mungu. Alikuwa ametoka miezi sita na siku kumi na moja ng'ambo, katika meli ya kikosi cha mataifa mengi kilichokuwa kikisindikiza meli za mizigo, na kila alichokiona huko kilimfurahisha. Alifurahia dhoruba. Alifurahia wali mbichi wa mpishi wao. Alifurahia hata kutapika, maana alitapika mbele ya kisiwa ambacho hakuwahi kukisikia. Na sasa alikuwa anataka jambo moja tu duniani: ile safari ya mwaka mzima, ya kuizunguka dunia, ambayo orodha yake ingetoka Jumapili. Jina lake lilikuwa limependekezwa. Sharti lilikuwa macho mazuri na daftari safi. Aliitaka safari hiyo kama mtu anavyoitaka adhana ya magharibi mwezi wa Ramadhani.

Nyumbani walikuta mbuzi watatu wa jirani wanalamba kizingiti cha mlango. Ami Marzouq akawafukuza kwa pakiti ya chipsi. Kizingiti kilikuwa cheupe kwa chumvi.

Bi Tufool, bibi yake Wadhah, mzaliwa wa Vuga, Unguja, aliyekuja Oman msichana na sanduku moja, alitoka mikono imejaa unga.

"Shikamoo Bibi!"

"Marahaba, roho yangu, marahaba! Hebu nikutazame. Lo, umekonda! Na hilo jua lilivyokufanya, mashallah, kama umechomwa kwenye tanuri." Akambusu kipaji cha uso, akamwachia alama ya unga. "Ingia, ingia. Wageni wako washafika."

"Wageni gani, Bibi?"

"Wale wako wa baharini. Tangu Jumatatu wapo."

Wageni walikuwa watano. Walikaa majlis, chumba cha wageni, migongo ukutani, kila mmoja na beseni mbele yake, na nguo zao zilikuwa zinadondosha maji. Yalidondoka taratibu, hayazidi wala hayapungui, na Bi Tufool alikuwa amekwisha kunja mazulia ya Kiajemi akatandika mikeka ya plastiki. Maji yakijaa beseni, mgeni mwenyewe huinuka, hutoka uani, humwaga, hurudi akakaa. Walikuwa watu wa adabu sana.

Walikuwa wamekuja na maji ya falaji. Jumatatu adhuhuri, pale ambapo mfereji huo wa mji unatoka chini ya ardhi na maji yanaanza kuonekana, walitoka mmoja baada ya mmoja, wakiinamisha vichwa wasigonge jiwe. Amur, arifu wa falaji, mzee anayesimamia zamu za maji za mji mzima, alikuwepo na daftari lake. Alitazama saa. Sheria ya falaji ni nyepesi: kinachokuja na maji katika zamu yako ni chako, kiwe jani, kiwe kandambili, kiwe mtoto wa paka. Ilikuwa zamu ya Bi Tufool, imebaki dakika kumi na mbili. Amur akaandika: watu watano, akawaongoza mpaka mlangoni, akaomba asisahauliwe kwenye mofa za jioni.

Bi Tufool alifurahi kupita kiasi. Nyumba yake ilikuwa haijapata wageni wa kulala tangu Idi. Hakuwauliza wametoka wapi wala wanataka nini, kwa sababu katika mkoa ule wa Sharqiyah mgeni haulizwi shida yake mpaka siku tatu zitimie. Walimwambia tu kwamba wanamjua Wadhah, naye akaridhika. Ila bibi yule alikuwa mtu wa ada mbili, na ile ya Unguja hakuitupa: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa hiyo Jumatano asubuhi, kwa heshima zote, aliwagawia majembe matano, wakenda kupalilia mitende.

"Mama, mlimau utakufa," alisema Ami Marzouq, akitazama uani. "Maji yao ni ya chumvi."

"Mlimau wako huo haujazaa tangu mwaka juzi. Haufi kwa wageni, unakufa kwa uvivu. Mitende imeshukuru, itazame ilivyosimama."

Wadhah alisimama mlangoni mwa majlis na begi lake begani. Aliwajua wote watano. Alikuwa hajawahi kuwaona wakubwa kuliko punje ya mchele, maana aliwaona ndani ya darubini, lakini aliwajua. Yule wa fulana ya njano namba kumi. Yule mzee wa dumu la buluu; dumu alikuwa nalo mpaka leo, kalilaza mapajani kama mtoto. Ndugu wawili wanaofanana. Na mwanamke aliyezungusha shuka jekundu mkononi, shuka lile lile alilokuwa akilipunga juu ya kichwa.

Wageni waliinuka, wakampa mkono kwa zamu. Mikono yao ilikuwa baridi.

"Alhamdulillahi umefika salama," alisema wa fulana ya njano, kwa Kiswahili cha Barawa, kitamu, cha kuvuta. "Sisi tulikuwa na wasiwasi nawe. Bahari ilikuwa imechafuka wiki ile. Safari ilikuwaje?"

"Njema," alisema Wadhah.

"Alhamdulillahi," wakasema wote, wakakaa.

Basi watu wakaanza kuingia. Majirani, wazee, walimu wake wa zamani, kila mtu na hamu yake. Kwao msafiri akirudi hamwagi khabari zake ovyo mlangoni. Hukalishwa, huulizwa mbele za watu na mkubwa wa kikao, na jibu la kwanza linajulikana: njema, hakuna jipya. Hata kama nyumba imeungua nyuma yake, njema. Hiyo ni adabu. Ikishanywewa kahawa huulizwa mara ya pili, na hapo ndipo hutoa kilichomo moyoni, na jibu la pili halina mchezo, kwa sababu watu watalibeba mpaka makwao. Familia ya Bi Tufool iliporudi kutoka Unguja haikuiona ada hii ngeni. Kule nako mtu huulizwa hujambo, za nyumbani, akajibu sijambo, nzuri, nzuri kabisa, halafu ndiyo akasema, ila jana tumemzika baba.

Aliyeuliza siku hiyo alikuwa Amur, arifu wa falaji.

"Khabari, ewe Wadhah?"

"Njema."

"Khabari za bahari?"

"Njema, hakuna jipya."

"Hamkuona kitu?"

"Hatukuona kitu."

Ami Marzouq akapitisha dele la kahawa. Watu wakanywa. Kahawa ilikuwa na chumvi. Si chumvi ya bahati mbaya, chumvi ya bahari hasa, ya kukwaruza koo. Hakuna aliyesema neno, maana kahawa ya mwenye nyumba haikosolewi, lakini vikombe vilianza kutikiswa mapema, ile ishara ya kwamba mtu ametosheka. Amur alitikisa chake baada ya funda moja.

Kisha akauliza mara ya pili, na Wadhah akafunguka. Yaa salaam! Hapo ungemwona kijana. Aliinuka kabisa kutoka kwenye mto aliokalia. Akawaonyesha kamba inavyoshikwa na glovu zinavyotoa moshi. Akawaonyesha jinsi sitaha inavyokupandia usoni wakati wewe unaishukia. Akaeleza kimbunga cha maji kilichosimama baharini kama nguzo, na bandari ambako mvua ilinyesha jua likiwaka, na Mombasa, ambako aliingia dukani akanunua kanga akijibu kila kitu kwa Kiswahili cha bibi yake, mpaka mwenye duka akamuuliza, kaka, wewe umezikwa mwaka gani ukafufuka? Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nyangumi alikuwa amefika urefu wa msikiti. Waliofurahi kuliko wote walikuwa wale watano. Ndugu wawili walipigana vikumbo kwa kicheko, mwenye dumu alitikisa kichwa, na yule wa fulana ya njano aliomba nyangumi arudiwe tangu mwanzo, kwa sababu maji ya beseni yalikuwa yamemzuia kusikia.

Kahawa ikapitishwa tena. Chumvi ilikuwa imezidi.

Bi Tufool alitoka jikoni na kikombe mkononi, akakaa kizingitini mwa majlis, mahali alipokaa tangu mumewe alipofariki na ambapo hakuna mwanamume wa Ibra aliyethubutu kumwondoa. Akaonja mbele yao wote.

"Dele nimeliosha mwenyewe," alisema. "Buni nimeikaanga mwenyewe. Kahawa yangu haina kosa. Kuna khabari imebakia haijasemwa."

Wadhah akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu Sur alinyamaza.

Jua lilikuwa linakaribia kutua, na siku tatu za wageni zilikuwa zinatimia. Bi Tufool alikitazama kivuli uani, akatazama simu yake, vikakubaliana. Akawageukia wageni.

"Marhaba bikum, karibuni, na nyumba ni yenu. Sasa nina haki ya kuuliza. Nani nyie, na haja yenu nini?"

Yule wa fulana ya njano alijibu kwa niaba yao. Jina lake Zakariya, alikuwa akisomesha hesabu. Mwanamke akasema anaitwa Tahani. Wengine nao wakataja majina yao na ya baba zao, mmoja mmoja, taratibu, kama watu wanaojua kuwa wanaandikiwa.

"Haja yetu si kubwa," alisema Zakariya. "Tunataka tuandikwe kwamba tulionekana."

"Muandikwe tu?"

"Tuandikwe tu, Bibi. Injini ilitufia, tukakaa siku nne. Siku ya nne ilipita meli. Baada ya hapo..." Akatazama beseni lake. "Hilo lishapita, hatulirudii. Lakini kwetu hawajui. Mke wangu anapiga simu yangu kila siku baada ya alfajiri. Mamake Tahani anamfunikia chakula. Mtu ambaye hakuonekana hawekewi matanga. Hawawezi kulia wala kunyamaza."

Tahani alikuwa analikamua shuka lake ndani ya beseni, kwa uangalifu, lisirushe matone.

Watu wote walimtazama Wadhah. Wala si kwa ukali. Walimtazama kwa sababu jibu la pili lilikuwa bado lake. Naye aliiona ile safari ya mwaka mzima ikitoka mlangoni kwa miguu yake, na begi lake, na viatu vyake vipya. Bandari thelathini na moja! Barafu! Alikuwa hajaiona barafu ya baharini. Daftari likichafuka, atarudishwa nchi kavu akalinde ghala la mipira ya magari mpaka mvi. Alijua. Akafikiri kusema, basi hizo ndizo khabari zangu, na tumshukuru Mungu. Mdomo ukafunguka kusema hivyo.

"Niliwaona," alisema.

Na akisha kusema hilo, mengine yalikuja yenyewe, kwa kasi ile ile ya nyangumi na samaki, mikono ikienda huku na huku. Ilikuwa saa kumi na dakika arubaini, jua kali, hewa safi. Alikuwa zamu ya kuangalia upande wa kulia. Aliona chekundu kinapunga. Akaweka darubini: watu watano, dumu la buluu, fulana ya njano. Akapiga simu kwenye chumba cha usukani. Wallahi alifurahi! Alidhani atateremshwa kwa kamba akawachukue, alishaanza kuvaa glovu. Afisa wa zamu akamuuliza, umeona nini? Akasema, watu watano. Akaambiwa, angalia tena. Akaangalia, akasema, watano. Meli waliyokuwa wakiisindikiza ilikuwa na ahadi yake bandarini, na ahadi ilikuwa imeshachelewa. Afisa akasema, endelea kuangalia mpaka usione kitu.

"Nikaendelea," alisema Wadhah. "Niliangalia dakika ishirini na tano. Wakawa wadogo, wakawa wadogo, mpaka sikuona kitu. Nikaandika kwenye daftari la zamu: hakuna kilichoonekana. Nikatia sahihi. Na ndiyo kweli, wakati ule nilipoandika, kilikuwa hakionekani."

Kisha mzee mwenye dumu akasema, kwa upole, "Glovu nilikuona ukizivaa. Nikawaambia hawa, yule kijana anakuja."

Wadhah alilia basi, mbele ya walimu wake na majirani zake, mtu mzima na mabega yake. Hakuna aliyemkataza. Ami Marzouq, kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake, akapitisha kahawa. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na hiliki na haina chumvi hata chembe, na Amur alikunywa vikombe vinne kabla ya kutikisa. Halafu akafungua daftari la falaji, pale alipokuwa ameandika watu watano, akaongeza majina, na ya baba zao, na saa kumi na dakika arubaini, na jina la aliyewaona.

"Hili si daftari la serikali," alisema. "Ni la maji. Lakini limeandikwa."

Usiku huo huo Tahani aliomba simu ya Bi Tufool akampigia mamake. Mama alipokea, akasema allo, allo, nani, akasikia maji tu, akakata.

Alhamisi Ami Marzouq alikwenda soko la Sinaw akanunua mbuzi wa kumpongeza msafiri, maana mbuzi alishaahidiwa na ahadi ni deni. Ijumaa aliliwa kwa wali. Jumamosi Wadhah aliandika barua, kurasa tatu, kwa mwandiko mzuri. Jumapili alfajiri akawapandisha wageni nyuma ya gari la ami yake, mabeseni yao mkononi, akawapeleka mpaka kwenye ofisi moja ya pwani ambayo jina lake hatuna haja nalo.

Karani aliyewapokea alikuwa mpole kuliko kawaida. Aliwatafutia viti vitano. Aliwaletea kadi za kuvaa shingoni zilizoandikwa MGENI. Aliagiza mtu wa deki. Aliisoma barua yote, hakuruka mstari, kisha akafungua kabati akatoa nakala ya daftari la zamu, akaweka kidole.

"Humu imeandikwa hakuna kilichoonekana."

"Nimeandika mimi," alisema Wadhah. "Ni uongo. Hawa hapa."

"Nawaona," alisema karani, akawainamia kidogo. "Nakuoneni, na karibuni sana. Lakini zamu ya siku ile ishafungwa. Daftari likishafungwa halifunguliwi. Ningekuwa na mahali pa kuwaandika, wallahi ningewaandika sasa hivi."

"Andika pembeni," alisema Zakariya, mwalimu wa hesabu. "Pana nafasi pembeni, naiona."

Karani alipatazama pembeni. Palikuwa na nafasi nzuri, vidole vitatu.

"Pembeni ni pa muhuri," alisema, na macho yake yalikuwa na huzuni ya kweli. Barua ya kurasa tatu aliitia kwenye faili la barua zilizopokelewa, akagonga tarehe. Kisha akakumbuka, akavuta bahasha. "Kwa upande mwingine, hongera, Wadhah. Orodha imetoka. Umo. Wamesifu macho yako, na daftari lako ni safi."

Sasa na tuseme ukweli. Wadhah aliposikia hivyo, furaha ilimpanda mpaka masikioni. Aliona haya, alijua wamekaa nyuma yake wanadondosha maji kwenye sakafu ya watu, lakini furaha haina adabu, haibishi hodi. Alitoka nje, akaiweka bahasha juu ya boneti ya gari, akaanza kuichana vipande.

Tahani akamshika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kusema naye uso kwa uso.

"Usifanye ujinga. Wewe hutaki kwenda?"

"Nataka. Nataka mpaka naona aibu."

"Basi nenda. Huko baharini kuna wengine. Meli itakwenda uwemo usiwemo. Bora macho yako, maana yako wewe yamejua kuona. Na safari hii usiangalie mpaka usione. Angalia, andika, weka darubini chini."

"Na nyinyi?"

"Sisi tuna mitende," alisema Tahani. "Bibi amesema palizi haijesha."

Wakarudi Ibra. Bi Tufool alikuwa amejifunga ile kanga ya Mombasa, imeandikwa *Mgeni njoo, mwenyeji apone*, na akasema rangi imemkaa, ingawa nyekundu ingemkaa zaidi. Jumatano iliyofuata alimchukua Tahani kwenye soko la wanawake, lile la Jumatano ambalo wanaume hawaingii, wakauza chumvi kwenye vifuko. Ilikuwa nyeupe, nzuri kwa samaki wa kukausha, na ilikwisha kabla ya adhuhuri. Wanawake waliuliza imetoka wapi. Tahani akasema, kwenye nguo zangu. Wakaomba wawekewe na ya wiki ijayo.

Mlimau ulikufa. Ami Marzouq aliunung'unikia siku mbili, kisha akauchoma kuni.

Wadhah aliondoka mwanzo wa mwezi. Wageni walimsindikiza mpaka barabarani, wakampungia, na Tahani alipunga kwa shuka jekundu. Yeye alikaa kiti cha mbele, akaangalia nyuma mpaka gari lilipokata kona. Walipofika Bidiya alikuwa ameshaanza kumweleza ami yake habari za barafu, ambayo alikuwa hajaiona bado.

Siku ya arubaini na tatu ya safari, adhuhuri, ilipoanza zamu ya maji ya Bi Tufool, Amur alimpigia simu kutoka kwenye falaji. Bibi alitoka na kanga yake, akasimama kwenye tundu la mfereji akahesabu, midomo ikienda. Zakariya na wenzake waliweka majembe chini wakaja kuwashika mikono wageni wapya, maana jiwe la pale linateleza. Mmoja kati ya hao wapya alikuwa bado na koti la kujiokolea, lile la rangi ya machungwa, limefungwa vizuri kabisa.

Simu ya bibi ikalia tena. Namba ilikuwa ndefu, ya ng'ambo.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, roho yangu. Khabari?"

"Njema."

"Khabari za bahari?"

"Njema, hakuna..." Akakatika. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. "Bibi, washafika?"

"Ndiyo wanatoka."

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja," alisema Wadhah. "Niliandika kumi na mmoja. Niliandika, Bibi, kwa kalamu, nikaweka darubini chini kama nilivyoambiwa. Leo asubuhi nimekuta ukurasa mpya, na sahihi yangu ipo."

"Umeandika nini kwenye huo mpya?"

"Hakuna kilichoonekana. Mwandiko ni wangu kabisa, na si mimi niliyeandika."

Bi Tufool alimtazama wa mwisho, mtoto, akitoka na kuinamisha kichwa asigonge jiwe, ingawa alikuwa mfupi na hakuwa na haja ya kuinama.

"Nambie mimi basi. Saa ngapi?"

"Jana, saa mbili na robo asubuhi. Upande wa kushoto. Jua lilikuwa zuri."

"Ngoja nikupe Amur uandikishe," alisema bibi. Akampa mzee simu, akarudi nyumbani haraka haraka, kwa sababu mabeseni yalikuwa matano tu na mataulo yote yalikuwa kwenye kamba.